Kugeuka kwa Skrini na Kubaki kwa Dhati

Ndani ya simu ya mkononi ya zama hizi mna chombo kidogo sana ambacho mafundi hukiita kipima mchapuko, nacho usiku na mchana hakina kazi kubwa ila kutafuta ardhi iko upande gani. Mtu akiisimamisha simu wima, uzito huvuta kuelekea mguuni mwa simu. Akiilaza ubavu, uzito huvuta kuelekea ubavuni. Na kwa habari hiyo moja mfumo wa simu hutambua kwamba mwenye nayo amebadili namna ya kuishika, ukaamrisha maandishi na picha zigeuke ili zimkabili zikiwa zimesimama. Jambo hili limekuwa la kawaida mno tangu iPhone ya kwanza ilipotoka mwaka 2007, hata hapana mtu amwonaye mtoto akiigeuza simu ya mama yake akastaajabu. Walakini nyuma ya mgeuko ule, ambao huisha kabla jicho halijapepesa mara mbili, limejificha swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini walilishindania kwa karne nyingi: kitu kilichobadilika hali yake, umbo lake na nafasi yake, kwa haki gani tunakiita kitu kile kile? Mafundi waliounda mifumo miwili mikubwa ya simu hawakukaa kitako kulijibu, maana walikuwa na simu za kuuza. Ila walilijibu bila ya kukusudia, na majibu yao yanapingana.

Katika madhehebu ya Apple, kila ukurasa wa programu una msimamizi wake, ambaye katika lugha ya kazi huitwa UIViewController. Msimamizi huyu haonekani. Vinavyoonekana ni vitufe, maandishi na picha zilizo chini ya amri yake. Simu inapogeuzwa, msimamizi hafi wala hazaliwi upya. Ni yule yule, ameshika aliyokuwa ameyashika na anakumbuka aliyokuwa akiyakumbuka, na linalobadilika ni mpangilio wa vitu vilivyo mbele yake: kilichokuwa chini kikapandishwa, kilichokuwa chembamba kikatandazwa, na safu iliyokuwa moja pengine ikawa mbili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, angaliridhika na mpango huu, kwani yeye ndiye aliyetutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja, anaelea hewani, haoni kitu, wala viungo vyake havigusani, na juu ya hayo yote hana shaka kwamba yeye yupo. Akatoa hoja kwamba nafsi ni dhati inayosimama mbali na hali za mwili. Mpangilio wa skrini ni katika hali zipitazo. Msimamizi ndiye dhati.

Namna ya kumpasha msimamizi habari imebadilika mara kadhaa, na katika mabadiliko hayo mna mazingatio. Zamani kila msimamizi aliulizwa peke yake kama anaridhia kugeuzwa, mpaka mwaka 2012 swali likaondolewa kwa wadogo likapelekwa kwa mkubwa aliye juu yao. Na mpaka mwaka 2014 aliambiwa waziwazi kwamba utageuzwa kuelekea upande fulani, kisha baadaye akaambiwa kwamba umekwisha geuzwa. Mwaka huo Apple waliliacha tamko hilo, wakaleta jingine ambalo halitaji kugeuka hata kidogo: nafasi yako inakaribia kuwa na upana huu na kimo hiki, na huyu hapa ni mratibu, mweleze unayotaka yatendeke wakati wa mpito na unayotaka yatendeke ukisha. Mwaka uliofuata ilidhihiri faida yake, pale iPad ilipoweza kuonyesha programu mbili bega kwa bega, na nafasi ya ukurasa ikaweza kupungua nusu hali chombo kimetulia mezani wala hakuna aliyekigeuza. Msimamizi aliyezoea kuuliza nimegeuzwa upande gani akabaki ameduwaa; aliyejua tu kukaa vizuri katika nafasi aliyopewa hakupata taabu. Mimi naona mafundi wale walifika mahali ambapo mcha Mungu hufika kwa mazoezi marefu, pa kuipokea kadiri aliyokadiriwa bila ya kushika sana kutafuta imetokana na mkono gani. Na lipo sharti moja ambalo wanafunzi hulisahau: msimamizi akisha kupokea habari ni wajibu wake aifikishe juu kwa asili aliyorithi, ili iteremke kwa wasimamizi wadogo walio ndani yake; akinyamaza nayo, watoto hubaki katika dunia ya zamani ilhali mzazi amekwisha hamia mpya.

Liko jambo jingine katika majina yao linalowashangaza wanaoanza kazi. Simu inayohesabiwa kuwa imelala kwa mkono wa kushoto, sura iliyo juu yake huhesabiwa kuwa imelala kwa mkono wa kulia, na kinyume chake. Wengi hudhani ni kosa la uandishi. Si kosa, kwani mwili ukigeuka upande mmoja, sura haina budi kugeuka upande wa pili kwa kiasi kile kile, ili ibaki imesimama mbele ya mtazamaji. Yaani uthabiti tunaouona umepatikana kwa harakati, na laiti sura ingalitulia kweli kweli, ingaliegemea ubavu pamoja na simu na tusingeweza kuisoma. Tena hali za simu wamezihesabu saba, na hali za sura zenye maana ni nne tu: simu yaweza kulala kifudifudi au chali, na yaweza hata kuwa katika hali iliyoandikwa kwamba haijulikani, ilhali sura lazima ichague. Simu ikiwekwa chali mezani, uzito huvuta kupita katikati ya kioo, na kipima mchapuko hakina dalili ya kushoto wala kulia. Basi sura hubaki vile ilivyokuwa, kwa kufuata kanuni ambayo mafakihi wanaijua sana, kwamba lililothibiti kwa yakini haliondolewi na shaka.

Madhehebu ya pili, ya Android, ni makali zaidi. Humo, kwa kanuni ya asili, simu inapogeuzwa ukurasa uliokuwapo huvunjwa wote, pamoja na kila ulichokuwa nacho mkononi, kisha hujengwa ukurasa mwingine tangu msingi, wenye jina lile lile na sura inayolingana na umbo jipya. Sababu yao ni ya busara. Huenda mwenye programu ameandaa mpangilio mmoja kwa ajili ya wima na mwingine kwa ajili ya mlalo. Na si kugeuza tu, kwani mtu akibadili lugha ya simu yake kutoka Kiingereza kuja Kiswahili hukumu ni hiyo hiyo. Na njia ya salama ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichosalia cha hali ya zamani ndani ya hali mpya ni kubomoa na kujenga, kuliko kutia viraka. Mtumiaji hudhani ameona picha ikigeuka, kumbe ameona mauti na ufufuo.

Msomaji aliyedurusu tauhidi kwa mashekhe wa pwani yetu, ambao wengi wao ni Mashafii katika fikihi na Maash'ari katika itikadi, amekwisha yasikia maneno kama haya. Abul Hasan al-Ash'ari alifariki mwaka 936, na miongoni mwa waliofuata njia yake ni Abu Bakr al-Baqillani, aliyefariki mwaka 1013. Na katika madhehebu hayo ilifundishwa kwamba sifa za viumbe, kama rangi, mwendo na utulivu, hazidumu nyakati mbili. Kila punde Mwenyezi Mungu huziumba upya, na weupe uuonao sasa katika karatasi si ule uliouona punde iliyopita, bali ni mwingine mfano wake. Wanafalsafa waliwacheka, wakasema kwamba watu hawa wameuvunja ulimwengu vipande vipande. Kicheko hicho mimi sikioni kuwa ni hoja. Asemaye kwamba kitu hubaki kwa sababu kina tabia ya kubaki hajaeleza neno. Amelirudia swali kwa sauti ya jibu.

Lakini anayevunja na kujenga upya ana deni la kueleza ni kipi kinachounganisha kilichovunjwa na kilichojengwa, na hapa Android imejibu kwa uwazi ambao wanafalsafa wengi hawakuufikia. Ukurasa unaokaribia kuvunjwa hupewa fursa ya kuusia. Huulizwa una nini cha kuhifadhi, nao hutia maneno machache katika furushi dogo, na furushi likakabidhiwa mfumo. Ukurasa mpya unapoumbwa hulipokea na kulifungua, na kwa yaliyomo hujitengeneza kama alivyokuwa marehemu. Mahali pa kuandikia palipopewa kitambulisho hujihifadhi penyewe. Hesabu ambayo ukurasa umeishika kichwani tu, mfano katika programu ya kuhesabia tasbihi, hupotea kama mwandishi wa programu hakuitia furushini, na mtu aliyefika themanini na tatu akaigeuza simu yake hujikuta yuko sifuri. Tangu mwaka 2017 Google wameongeza hazina ya pili, iliyo nje ya ukurasa, ambayo haivunjwi mgeuko unapotokea; na waandishi wengi sasa huweka humo mambo yao mazito, furushi wakaliachia vitu vidogo.

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba mwili wa mwanadamu wote huliwa na ardhi isipokuwa kifandugu, na kwamba kutokana nacho ataungwa tena Siku ya Kiyama. Sidai, na Mola apishe mbali, kwamba mafundi wa California walikuwa wakifungua vitabu vya Hadithi walipobuni furushi lao. Nasema tu kwamba akili ya mtu, inapolazimika kufikiri juu ya kitu kinachovunjwa kisha kikarejeshwa, hujikuta inahitaji kitu kidogo kinachovuka. Imamu Ghazali aliliona hilo. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, aliweka masuala 20, na la mwisho ndilo la ufufuo wa miili, ambalo ni moja katika matatu ambayo kauli ya wanafalsafa ndani yake aliihukumu kuwa ni ukafiri na si uzushi tu. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba mtu ni mtu kwa nafsi yake wala si kwa mwili wake, kwa kuwa tangu utoto hata uzee mwili hukonda na kunenepa na kubadilishwa na chakula, naye ni yule yule; basi si muhali nafsi kurejeshwa katika mwili, uwe wa udongo ule ule au wa mwingine.

Miaka mia sita baadaye, Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 katika kitabu chake juu ya akili ya binadamu, alisema kwamba mtu huwa yule yule kwa kadiri fahamu yake inavyoyafikia matendo yake ya zamani. Kwa maneno yetu: furushi ndilo mtu. Rai hii ni nzuri kuisikia, walakini ina ufa. Tufanye kwamba furushi limenakiliwa, na kurasa mbili zimejengwa kutokana nalo, zote mbili zikikumbuka herufi kwa herufi yale aliyoyaandika mtumiaji kabla ya kuigeuza simu. Ni upi ulio ule wa kwanza? Hatuwezi kusema zote mbili, kwa kuwa mbili si moja. Wala kuchagua mmoja hatuna sababu, kwa kuwa kumbukumbu zao zinalingana. Basi kumbukumbu peke yake haitoshi.

Katika simu taabu hii haitokei, na sababu ya kutotokea ndiyo kiini cha maneno yangu. Kando ya programu, katika sehemu ya mfumo ambayo programu haina idhini ya kuigusa, mna daftari ambamo kila ukurasa umeandikwa. Na mgeuko unapotokea, ukurasa hubomolewa lakini mstari wake katika daftari haufutwi. Ukurasa mpya ni ule ule wa zamani kwa kuwa daftari limeuhesabu hivyo. Umoja wake hautokani na vipande vyake, ambavyo vyote ni vipya, wala hautokani na kumbukumbu zake tu, ambazo zingaliweza kunakiliwa. Umetokana na hukumu ya mwenye kuuhifadhi.

Wala madhehebu ya Apple hayakuokoka na jambo hili. Msimamizi yule aliyejigamba kwamba hafi kwa mgeuko anaishi kwa ruhusa: mtumiaji akienda katika programu nyingine, na kumbukumbu ya simu ikawa haba, mfumo huiua programu iliyo nyuma bila ya kuitaka shauri, msimamizi na vyote alivyo navyo, na tangu mwaka 2012 Apple nao wana njia yao ya kuhifadhi hali na kuirejesha, ambayo kwa sifa zake ni furushi lile lile kwa jina jingine. Tofauti ya madhehebu haya mawili, ukiichunguza, ni ya wakati: moja hukumbusha mauti kila simu inapopinduliwa, na la pili huyachelewesha mpaka mtu akayasahau. Nani basi aliye karibu zaidi na hakika? Mimi nawapendelea wakali. Kudumu si mali ya kitu. Ni kazi ya anayekihifadhi, na mfumo unaouvunja ukurasa mara kumi kwa siku humfunza mwandishi wake jambo hili mapema, kabla hasara haijamfunza.

Ukitaka kuona mgeuko uliotendwa sawasawa, hauko katika simu. Katika mwaka wa pili wa Hijra, sawa na 624 wa Kizungu, baada ya Waislamu wa Madina kusali miezi 16 au 17 wakielekea Baitul Mukaddas, amri ilishuka ya kuelekea Makka. Na Bukhari ameipokea kwa Ibn Umar habari ya watu wa Kuba, hapo kando ya Madina, waliojiwa na mtu wakiwa ndani ya sala ya alfajiri, akawaambia kwamba kibla kimegeuzwa. Madina iko baina ya miji ile miwili, mmoja upande wa kaskazini na wa pili upande wa kusini, hivyo mgeuko wao ulikuwa karibu nusu ya duara kamili. Mtu anaweza kugeuza uso mahali aliposimama, lakini safu haigeuki hivyo, kwa maana imamu aliyekuwa mbele ya wote angejikuta nyuma ya wote. Wafafanuzi wa Hadithi wameeleza kwamba imamu alihama kutoka mbele ya msikiti kwenda nyuma yake, wanaume wakahama wakawa nyuma yake, na wanawake wakahama wakawa nyuma ya wanaume. Mpangilio wote ukabadilika, kila mtu akakanyaga mahali pengine. Na sala haikuanzwa upya. Rakaa zilizokwisha saliwa zikahesabiwa, na zilizosalia zikatimizwa kwa kuelekea upande wa pili.

Nini kilichoifanya sala ile kuwa moja? Si upande, kwa kuwa umebadilika. Si nafasi za watu, kwa kuwa zimebadilika. Na nia, ingawa ni nguzo, ni ya kila mmoja moyoni mwake wala haioni mwenziwe. Ilikuwa moja kwa sababu Yule aliyesaliwa aliikubali kuwa moja. Kipo kisa kingine nikijuacho kinachoonyesha hivyo kwa ufupi huu? Sikijui.

Nikiteremka kutoka hapo kurudi kwa waandishi wa programu, nahofia nitaonekana nimeshuka ngazi nyingi mno, ila deni lao lipo palepale. Kwa mtumiaji wa simu, mwenye daftari ni wao. Mtu ameketi usiku kumwandikia shemeji yake taazia, ametafuta maneno, amefuta na kuandika tena. Amechoka, akajilaza ubavu, simu ikahisi uzito umehama, na taazia ikatoweka. Hakutenda kosa lolote ila kujinyosha. Maneno yale yalikuwa amana mikononi mwa aliyeitengeneza programu, na mtunza amana hana udhuru wa kusema kwamba sikujua utajilaza, kwani kulala ni katika tabia za binadamu na simu yenyewe imewekewa chombo cha kulitambua hilo. Mafundi hukiita kisa kama hiki kasoro ndogo. Kwa kipimo cha amana, ukubwa wake ni ukubwa wa kilichopotea.

Wapo wanaoikimbia shida yote kwa kuifunga skrini isigeuke kabisa. Pengine wana haki. Programu ya kinanda, kwa mfano, ina sababu ya kutaka mlalo peke yake. Aghalabu, lakini, ni uvivu uliovaa joho la uamuzi, na unamdhuru mtu ambaye hawakumfikiria: mlemavu ambaye simu au kompyuta yake ndogo imefungwa imara katika kiti cha magurudumu, kwa wima au kwa mlalo, naye hana mkono wa kuigeuza. Kwa ajili ya watu kama yeye, kanuni za kimataifa za kuwafikia wenye ulemavu, katika toleo lao la mwaka 2018, zimekataza kufungia maudhui katika mwelekeo mmoja ila pale ambapo mwelekeo huo ni wa lazima. Mtu huyu hawezi kugeuka kuifuata sura; basi sura na imfuate yeye.

Vijana wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaishi kwa kuandika programu ambazo wazazi wao huzitumia kutuma fedha na kuwajulia hali jamaa walio mbali. Nawasihi kwamba kabla ya kuitoa kazi yao kwa watu, waijaze fomu nusu, waigeuze simu, wafungue programu nyingine mbili tatu nzito, kisha warudi na kutazama kama ile nusu ingalipo.